Tusiipime timu kwa jina la shirikisho lake

Jumamosi mbili zilizopita niliitwa nyumbani kwa dada yangu mjini Nakuru kuhudhuria kikao cha jamaa ambacho ajenda yake ilikuwa moja tu: mpira wa vikapu. Mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na tisa ambaye kimo chake kimekwisha kupita futi sita na nusu na ambaye, kwa kuyatazama maungo yake, hajaacha kurefuka, amepata barua mbili za ufadhili wa masomo kutoka vyuo viwili vya Marekani vinavyotaka akavichezee. Chuo cha kwanza kimo katika shirikisho ambalo jina lake hutajwa kila wiki katika televisheni. Cha pili kimo katika shirikisho ambalo hakuna mtu katika sebule ile, ila kijana mwenyewe, aliyeweza kulitaja bila ya kuisoma barua upya.

Shemeji yangu hakuona haja ya mjadala. "Shemeji," akaniambia, "wewe umekaa kule. Mwambie mtoto kwamba ligi kubwa ni ligi kubwa." Dada akaafiki kwa kichwa. Wazee wawili wa upande wa baba, ambao nina hakika hawajapata kutazama mechi moja ya kikapu maishani mwao, nao wakaafiki. Kijana peke yake ndiye aliyeuliza: "Mjomba, hiyo ligi kubwa ni kubwa kwa kipimo gani?" Nilijibu kama wajibuvyo wahadhiri wanapobanwa: niliomba muda. Makala haya ndiyo jibu langu, na nimeamua kulitoa hadharani kwa kuwa najua sisi si nyumba pekee nchini ambayo imewahi, au itakuja, kuketi kikao cha namna hiyo.

Kabla ya kuendelea, sina budi kueleza neno ninalolitumia. Waamerika huyaita makundi haya ya vyuo kwa neno lile lile ambalo sisi tumezoea kulitafsiri kuwa 'kongamano'. Nimewahi kumsikia mtangazaji mmoja wa redio akisema kwamba timu fulani 'imeshinda kongamano lake', nami nikawaona akilini maprofesa wakirushiana mpira juu ya meza iliyojaa chupa za maji. Kongamano ni watu kukutana, kusemezana na kuagana. Kitu tunachokizungumzia hapa ni muungano wa vyuo wenye ratiba moja, mkataba mmoja wa televisheni na hazina moja. Shirikisho ndilo neno linaloelekea kufaa, ijapokuwa najua kwamba tunalitumia pia kwa chombo kinachosimamia soka ya nchi. Msomaji na anivumilie.

Sasa tuingie uwanjani. Katika daraja la kwanza la michezo ya vyuo kule Marekani kuna vyuo zaidi ya 350 vilivyogawanyika katika mashirikisho yapatayo thelathini na ushei. Msimu huanza mwezi Novemba. Kwa muda wa majuma kama manane hivi, timu hucheza na timu za mashirikisho mengine. Kuanzia mwishoni mwa Desemba au mwanzoni mwa Januari, kila shirikisho hujifungia ndani, timu zake zikachezana zenyewe kwa zenyewe hadi Machi, aghalabu mechi 18 au 20 kila moja. Baada ya hapo huja mashindano makuu ya kitaifa ambayo yalianza mwaka 1939 kwa timu 8, yakafikia timu 64 mwaka 1985 na 68 mwaka 2011. Bingwa wa kila shirikisho huingia moja kwa moja. Nafasi zinazosalia, ambazo mwaka 2025 zilikuwa 37, hugawanywa na kamati inayoketi na kupima nani anastahili na nani hastahili.

Hapo ndipo swali la nguvu za mashirikisho linapoacha kuwa porojo za mabweni. Kamati ikikubali kwamba shirikisho fulani ni lenye nguvu, basi timu yake ya kumi na mbili itaingia mashindanoni na timu ya pili ya shirikisho dogo itabaki nyumbani. Na kila mechi inayochezwa katika mashindano hayo hulipa: fungu moja limekuwa likikadiriwa kuwa takriban dola milioni 2 zinazotolewa kidogo kidogo kwa miaka 6, nalo hupewa shirikisho ambalo timu hiyo inatoka. Shirikisho lenye timu nyingi hupata mafungu mengi, lenye mafungu mengi hujenga viwanja na kuajiri makocha, na lenye viwanja na makocha huhesabiwa mwaka unaofuata kuwa lenye nguvu. Mwenye nacho huongezewa.

Lakini nguvu ni nini? Neno hili katika Kiswahili lina tabia ambayo huwasumbua wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza: umbo lake halibadiliki. Twasema nguvu hii na twasema nguvu hizi, na ni kiambishi peke yake kinachotuambia kama tunazungumzia kitu kimoja au vingi. Nadhani mabishano mengi kuhusu mashirikisho yanatokana na watu wawili wanaotamka neno moja, mmoja akiwa na maana ya umoja na mwingine ya wingi. Yuko anayesema shirikisho lenye nguvu ni lile linalotoa bingwa. Yuko anayesema ni lile ambalo ukizichukua timu zake zote ukatafuta wastani, wastani huo uko juu. Na yuko wa tatu anayeutazama mkia: shirikisho lenye nguvu kwake ni lile ambalo ukisafiri kucheza na timu yake ya mwisho, hulali usingizi usiku wa kuamkia mechi. Kila mmoja wa hawa watatu anaweza kuwa na hoja, na bado wote watatu wakayataja mashirikisho matatu tofauti.

Mwezi Machi 2009 nilikuwa mwanafunzi wa uzamifu katika chuo kimoja cha Marekani ya kati, nikiishi na vijana ambao walisahau kula kwa sababu ya vikapu. Mwaka huo shirikisho la Big East lilifanya jambo ambalo halikuwa limewahi kufanywa na shirikisho lolote: timu zake tatu, Louisville, Pittsburgh na Connecticut, zilipangwa nambari moja katika kanda tatu kati ya nne za mashindano. Sisi wachache tuliotoka Afrika Mashariki tulikuwa na sababu yetu ya ziada ya kukaa macho. Katikati ya ngome ya Connecticut alisimama Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye kimo cha futi 7 na inchi 3, ambaye msimu huo alitawazwa mchezaji bora wa Big East sawia na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Timu nne za shirikisho hilo ziliingia katika nane za mwisho, na mbili, Connecticut na Villanova, zikaingia nusu-fainali. Hata hivyo zote mbili zilifungwa hapo, na kombe likabebwa na North Carolina ya shirikisho la ACC. Je, ni shirikisho lipi lililokuwa na nguvu mwaka huo? Mwamerika niliyeishi naye chumba kimoja alisema ACC kwa kuwa kombe halina ndugu. Mimi nilisema Big East, na sikuona haya kwamba nusu ya sababu yangu ilikuwa Thabeet.

Miaka miwili baadaye nilipata somo la pili, nalo lilikuwa gumu zaidi. Mwaka 2011 Big East ilipewa nafasi 11 katika mashindano, idadi ambayo haikuwa imeonekana tangu mashindano yaanzishwe. Mgema alisifiwa, na tembo likatiwa maji: ni timu mbili tu kati ya hizo kumi na moja zilizofika hatua ya timu 16. Magazeti yalicheka. Lakini ukitazama vizuri, utaona kwamba timu nne za Big East zilikuwa zimekutanishwa zenyewe kwa zenyewe katika hatua ya kabla ya hapo, Connecticut na Cincinnati, Marquette na Syracuse, hivyo mbili zilikuwa lazima ziage, upende usipende. Na mwishowe bingwa alikuwa nani? Connecticut, ambayo katika msimu wa kawaida wa shirikisho lake ilikuwa imeshinda mechi 9 na kupoteza 9! Timu iliyoambulia nusu ndani ya nyumba yake ndiyo iliyoishinda nchi nzima. Iliyofungwa katika fainali ilikuwa Butler, kutoka shirikisho dogo la Horizon, na mojawapo ya timu nne za mwisho ilikuwa Virginia Commonwealth ya shirikisho la Colonial, ambayo wachambuzi wa televisheni walikuwa wameilaumu kamati waziwazi kwa kuiingiza.

Nimeyakumbuka haya yote kwa sababu shemeji yangu, na watu wengi walio na fikira kama zake, huyachukulia matokeo ya mwezi Machi kuwa ndiyo hukumu ya mwisho juu ya mashirikisho. Siyo. Mashindano hayo ni ya mtoano, mechi moja tu, usiku mmoja, kijana mmoja akiwa na mafua na refa mmoja akiwa na filimbi nyepesi. Mwaka 2018 timu ya Maryland-Baltimore County, kutoka shirikisho dogo la America East, iliichapa Virginia, mabingwa wa ACC waliokuwa wamepangwa nambari moja, kwa alama 74 kwa 54. Sijasikia mtu mwenye akili timamu aliyesema baada ya hapo kwamba America East ina nguvu kuliko ACC. Virginia hiyo hiyo ilitwaa ubingwa wa taifa mwaka uliofuata.

Ikiwa basi Machi si hakimu wa kutegemewa, tutaipata wapi hukumu? Hapa naomba msomaji anifuate polepole, kwa kuwa ndipo kitovu cha jambo hili kilipo.

Chukua shirikisho lenye timu 16, kila moja ikicheza mechi 18 za ndani. Jumla ni mechi 144. Katika mechi hizo kutakuwa na ushindi 144 na kushindwa 144, si zaidi wala si pungufu, ziwe timu hizo ni bora duniani au ziwe ni za mitaa. Timu zikichezana zenyewe kwa zenyewe kuanzia Januari hadi Machi, haziongezi wala hazipunguzi ushahidi wowote kuhusu nguvu ya shirikisho lao kwa kulinganishwa na mengine. Zinapeana na kupokonyana tu, kama ndugu wanaokopeshana shilingi ile ile. Ushahidi wote unaotuwezesha kulinganisha shirikisho na shirikisho umo katika zile wiki chache za Novemba na Desemba, wakati timu zinapokutana na wageni.

Kwa mtu wa taaluma yangu, hali hii si ngeni. Mtu asiyejua Kiswahili hata kidogo akipewa kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili, atatafuta neno la kwanza, aambiwe maana yake ni neno la pili. Atafute la pili, aambiwe maana yake ni la tatu. Na la tatu litamrudisha kwenye la kwanza. Maneno yote yanaelezana, na kila moja limesimama juu ya mgongo wa jingine, lakini mgeni yule hatajua maana hadi mtu amwonyeshe kwa kidole: hiki ndicho kikombe, na yule ndiye paka. Mechi za Novemba ndizo kidole. Mechi za Februari ni kamusi.

Na kidole chenyewe kina walakini. Timu kubwa hupenda kucheza mechi hizo za awali nyumbani kwake, na huzilipa timu ndogo maelfu ya dola ili zije kufungwa. Wataalamu wamezoea kukadiria kwamba uwanja wa nyumbani una thamani ya alama kama tatu. Timu ndogo yenye nguvu kweli kweli hupata shida kumpata mkubwa wa kuja kwake, kwa maana mkubwa hana la kufaidi: akishinda hasifiwi, akishindwa atachekwa. Isitoshe, wachezaji wa Novemba si wale wa Machi. Wengi ndio kwanza wameingia chuoni, na kocha bado anawajua kwa majina ya kwenye orodha.

Nini hutokea kidole kinapokatwa? Msimu wa 2020 na 2021 ulitupa jibu. Kwa sababu ya Korona msimu ulichelewa hadi tarehe 25 Novemba, na mechi nyingi za nje ya mashirikisho zikafutwa. Shirikisho la Big Ten lilisifiwa majira yote ya baridi kuwa ndilo kali kuliko yote. Likapewa nafasi 9 katika mashindano, mbili zikiwa za nambari moja na mbili za nambari mbili. Lile la Pac-12, la pwani ya magharibi, lilipewa nafasi 5 kama sadaka. Timu moja tu ya Big Ten, Michigan, ndiyo iliyofika hatua ya timu 16. Ohio State iliyopangwa ya pili ilitolewa na Oral Roberts iliyopangwa ya kumi na tano. Kwa upande wa Pac-12, timu nne kati ya tano zilifika hatua hiyo, tatu zikaingia nane za mwisho, na UCLA, ambayo ilibidi ianzie katika mechi za mchujo, ilifika nusu-fainali na kufungwa na Gonzaga kwa alama 93 kwa 90 baada ya muda wa ziada. Nimesema hapo juu kwamba matokeo ya Machi si hakimu, nami siyarudi maneno yangu. Lakini mkengeuko mkubwa namna hiyo, katika mwaka ule ule ambapo mechi za kulinganishia zilikuwa haba, si jambo la kupuuzwa. Big Ten ilikuwa imejisoma yenyewe katika kamusi yake yenyewe.

Wataalamu wa hesabu hawakukaa kimya katika haya. Tangu mwaka 1981 hadi 2018 kipimo kilichotumika kiliitwa RPI. Kilichukua robo moja kutoka kwa ushindi wa timu yenyewe, nusu kutoka kwa ushindi wa wapinzani wake, na robo iliyobaki kutoka kwa ushindi wa wapinzani wa wapinzani hao. Yaani robo tatu ya sifa yako ilitegemea watu wengine! Timu iliweza kupanda ngazi kwa kufungwa na wakubwa kuliko kwa kuwashinda wadogo. Mwaka 2018 kikaja kipimo kipya kiitwacho NET ambacho hutazama pia ubora wa uchezaji, na mechi zikapangwa katika makundi manne. Mechi ya kundi la kwanza ni ile ya nyumbani dhidi ya timu iliyo katika 30 bora, au ya uwanja usio wa yeyote dhidi ya iliyo katika 50 bora, au ya ugenini dhidi ya iliyo katika 75 bora. Ni maendeleo, sikatai. Lakini duara ni lile lile. Shirikisho lililoanza Januari likiwa na timu kumi na mbili katika 50 bora litaipa kila timu yake nafasi ya mechi ya kundi la kwanza karibu kila wiki hadi Machi. Ukishinda unapanda, na ukishindwa hakuna anayekulaumu.

Kipimo ninachokipenda zaidi ni cha Ken Pomeroy, bwana ambaye taaluma yake ya awali ilikuwa utabiri wa hali ya hewa, jambo ambalo huenda lilimfundisha unyenyekevu. Yeye hahesabu ushindi. Huhesabu alama ambazo timu hufunga na hufungwa katika kila mara 100 inapomiliki mpira, kisha hurekebisha kwa kuzingatia ubora wa mpinzani. Na anapofika kwenye mashirikisho, hulitumia wazo zuri: hujiuliza, timu ya kiwango gani ingeingia katika shirikisho hili ikashinda nusu ya mechi zake na kushindwa nusu? Kiwango cha timu hiyo ya kubuni ndicho kiwango cha shirikisho. Kwa njia hiyo bingwa mmoja jabari hawezi kulipandisha shirikisho zima, wala maskini mmoja wa mwisho hawezi kulizamisha. Unapima kitovu. Kama kuna mtu anataka nimjibu kwa neno moja jinsi ya kulinganisha mashirikisho, nitamwambia: tazama katikati.

Hapa sharti niwe mkweli, maana shemeji yangu husoma gazeti hili. Mwaka 2025 shirikisho la SEC, la majimbo ya kusini, lilikuwa kubwa kwa kila kipimo nilichokitaja. Katika mechi za nje lilishinda karibu tisa katika kila kumi. Lilipopangiwa mechi 16 dhidi ya ACC lilishinda 14. Lilipewa nafasi 14 kati ya timu zake 16, likaivunja rekodi ya Big East, na timu saba zikafika hatua ya timu 16. Arkansas, ambayo ndani ya shirikisho ilikuwa imeshinda 8 na kushindwa 10, iliziondoa Kansas na St. John's. Bingwa alikuwa Florida, aliyeifunga Houston 65 kwa 63. Safari hiyo kidole na kamusi viliafikiana, na anayebisha anabishia jua. Hata hivyo Texas na Oklahoma, ambazo kila moja ilikuwa imeshinda mechi 6 tu kati ya 18 za shirikisho, ziliingizwa kwa nguvu ya jina hilo hilo, na zote mbili hazikushinda hata mechi moja.

Mwaka mmoja kabla, timu ya Indiana State, kutoka shirikisho la Missouri Valley, ilikuwa imeshinda mechi 28 na kupoteza 6. Ilikuwa ndani ya 30 bora kwa kipimo cha NET, kipimo cha kamati yenyewe. Ilifungwa katika fainali ya shirikisho lake kwa tofauti ya alama nne, na kamati ikaiacha nje. Ikapelekwa katika mashindano ya wasiochaguliwa, ikafika fainali yake na kushindwa kwa alama mbili. Baada ya hapo kocha akaondoka, na mchezaji wake mashuhuri akamfuata. Kila mara ninapoambiwa kwamba vipimo hivi ni vya haki kwa kuwa ni vya hesabu, huikumbuka timu hiyo. Hesabu iliikubali, jina la shirikisho likaikataa.

Na sasa limezuka jambo jingine ambalo lingemfanya hata mtu wa SEC aone haya kidogo. Mwaka 2021 wachezaji waliruhusiwa kuhama chuo mara moja bila ya kukaa nje msimu mzima, mwaka 2024 kikomo hicho cha mara moja kikaondolewa, na mwaka 2025 vyuo vikaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Iangalie ile Florida ya ubingwa. Walter Clayton, aliyefunga alama 34 katika nusu-fainali dhidi ya Auburn na kuchaguliwa mchezaji bora wa hatua ya mwisho, alianzia Iona. Alijah Martin alitoka Florida Atlantic, ambayo alikuwa amefika nayo nusu-fainali ya taifa mwaka 2023. Will Richard alitoka Belmont. Watu watatu waliobeba sifa ya shirikisho kubwa walilelewa na mashirikisho madogo. Tunapopima nguvu ya SEC, tunapima kilimo chake au ghala lake? Katika hatua ya timu 16 mwaka huo hakukuwa na hata timu moja kutoka nje ya mashirikisho makubwa. Wadogo walikuwepo, walikuwa wamevaa jezi za wakubwa.

Hata majina yenyewe yamechoka. Mwaka 2024 vyuo kumi kati ya kumi na viwili vya Pac-12 vilihama kufuata pesa za televisheni. Big Ten, yaani 'kumi kubwa', ikawa na vyuo 18. Stanford na California, ambavyo madirisha yake yanaelekea bahari ya Pasifiki, viliingia katika shirikisho linaloitwa la Pwani ya Atlantiki. Mimi ni mtu wa isimu. Nimezoea maneno kupoteza maana yake ya asili, lakini kwa kawaida huchukua karne kadhaa.

Kwa hiyo nimjibu nini mpwa wangu? Dada yangu ana ushahidi wake, na siupuuzi. Thabeet alicheza katika shirikisho kali kuliko yote na likamtengeneza. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wa kulipwa. Kabla yake alikuwapo Dikembe Mutombo wa Kongo, aliyefariki mwaka 2024, ambaye aliichezea Georgetown wakati Big East ikiwa pango la simba. Mutombo aliingia pale kwa nia ya kusomea udaktari, akahitimu mwaka 1991 katika isimu na diplomasia, na kwa hilo peke yake namhesabu mwenzangu. Ila wote wawili walicheza. Hawakuketi. Chuo kikubwa kinachomtaka mpwa wangu tayari kina vijana watatu warefu wa kucheza katika nafasi yake, na dirisha la kuhamia watu kutoka kwa wadogo liko wazi kila mwaka. Shirikisho linaweza kuwa la kwanza nchini kwa kila kipimo nilichokieleza hapa, na asipate dakika nne kwa mechi.

Nimempigia simu, na nimemwambia kwamba mimi naelekea kwenye chuo kidogo. Sikumwamuru, kwa kuwa maisha ni yake. Nilimwomba awaandikie makocha wote wawili maswali matatu yale yale: wachezaji wangapi wa nafasi yangu mtakuwa nao Novemba, wageni mliowasajili miaka mitano iliyopita, wangapi walihitimu, na ufadhili huu utaendelea nikivunjika goti? Kocha wa chuo kidogo alijibu usiku ule ule, kwa majina na kwa idadi. Yule wa chuo kikubwa alimtumia video ya uwanja wao mpya. Barua ya kukubali inatakiwa Ijumaa ijayo, na dada yangu hajanipigia simu tangu Jumapili.